Maganda Aliyoyapima Idella

Zamani zile, kabla watu hawajazoea kununua kila kitu kikiwa tayari ndani ya boksi, mwanamume wa mji wa Stensrud, Montana, akiulizwa bunduki yake inapigaje hakujibu kwa mdomo. Alitoa pochi. Humo, mahali ambapo mtu mwenye busara angeweka picha ya mkewe, palikuwa na kipande cha karatasi ya shabaha kilichokatwa kwa mkasi, chenye matundu matatu yaliyosogeleana. Aliyeonyeshwa alipiga mluzi, maana adabu ilidai hivyo, kisha naye akatoa cha kwake.

Kipande cha Ansgar Sorbye, msimamizi wa ghala la ngano pale relini, kilipigiwa mluzi mrefu kuliko vyote. Matundu yake yaligusana kama mafiga, na sarafu ya senti kumi ingeyafunika. Hakuna aliyemuuliza karatasi nyingine alizopiga siku ile ziko wapi. Kuuliza hivyo kungekuwa sawa na kumuuliza mchungaji habari za mahubiri yaliyomshinda. Karatasi mbaya zilitumika kuwashia jiko. Tundu moja likienda kando ya wenzake liliitwa mtoro, na mtoro hakuhesabiwa. Mpigaji alisema tu, “Hilo nilivuta vibaya,” au, “Upepo ulipita,” na wenzake wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na watoro wake.

Walikuwa watu waaminifu. Mkulima wa Stensrud aliweza kuendesha gari mpaka upande wa pili wa wilaya kurudisha spana ya jirani aliyoisahau ndani ya trekta. Lakini katika jambo hili moja walijisamehe kila Jumamosi bila kuona haya, na kosa linalosamehewa na watu wote kwa pamoja ndilo gumu kuliko yote kuonekana.

Idella, mke wa Ansgar, hakuwa na kipande cha karatasi. Alikuwa na mizani.

Alizaliwa katika nyumba ya mbao kaskazini mwa mji, kule ambako upepo wa Montana haukutani na mti wowote njiani, na alipofika umri wa kuajiriwa alichukuliwa na kiwanda cha siagi. Kazi yake ilikuwa kupima malai. Mkulima alilipwa kwa mafuta yaliyomo ndani ya maziwa yake, na kila mkulima aliamini kwamba ng’ombe wake wanaonewa. Wazee wenye mikono kama majembe walisimama mbele ya yule binti mwembamba, wamekunja nyuso, wakimtazama akiweka kichupa kwenye sahani ya mizani, akiondoa mkono, akingoja ulimi utulie. Hakusema namba kabla ulimi haujatulia. Wengine walimbembeleza, wengine walimtisha, na mmoja alimletea bata mzinga. Bata alirudi na mwenyewe. Idella alijifunza mapema, mapema kuliko wengi wetu, kwamba moyo ukitamani kitu, mkono ukae mbali na mizani.

Ansgar aliingia kiwandani siku moja ya baridi, kofia mkononi.

“Dada, naomba unipimie kitu.”

“Kitu gani?”

“Baruti kidogo.”

“Hii ni mizani ya malai, kaka.”

“Baruti haili malai.”

“Na siagi haipendi baruti. Toka nje nayo kabla msimamizi hajakuona.”

Wiki iliyofuata alirudi. Safari hii alikuwa na maganda matupu ya risasi, ameyaosha na kuyang’arisha, ameyafunga ndani ya leso safi kama mtu anayeleta mayai. “Haya hayalipuki,” alisema. Hakuwa na la ziada la kusema, kwa maana vijana wa Stensrud hawakufundishwa maneno matamu. Idella aliyapima. Hayakuwa sawa. Yalitoka kiwanda kimoja, yaling’aa mng’ao mmoja, lakini ulimi wa mizani uliyatenga moja baada ya jingine. Ansgar akashangaa kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu zake si wa baba mmoja. Walioana majira ya kuchipua. Mabibi harusi wengine walipewa cherehani na waume zao. Idella alipewa mizani.

Inafaa tuseme jinsi mambo yalivyokuwa. Watu wale walinunua mkate dukani bila aibu, ila si risasi. Kila mwanamume alizishindilia zake mwenyewe. Ukishapiga, ganda la shaba linabaki. Unalinyoosha shingo kwenye mashine, unalitia fataki mpya ya kuwashia, baruti uliyoipima, na kichwa kipya cha risasi, nalo linarudi kazini kama jogoo aliyefufuka. Na kwa kuwa kila mmoja alishindilia peke yake, ndani ya nyumba yake, kila mmoja alikuwa na dini yake ndogo. Mmoja aliapa kwamba mtutu usafishwe kila baada ya risasi chache, na mwingine kwamba mtutu mchafu ndio mtutu mtulivu. Mmoja alitaka kichwa cha risasi kikaribie kabisa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, mwingine alisema kirudishwe ndani ya ganda. Wote walikuwa na vipande vya karatasi ndani ya pochi vya kuthibitisha.

Dini ya Ansgar ilikuwa uzito wa maganda. Ganda zito, alisema, lina kuta nene. Kuta zikiwa nene, nafasi ya ndani inapungua. Nafasi ikipungua, baruti inasukuma kwa nguvu zaidi, na risasi inaenda juu ya mwenzake. Kwa hiyo maganda yapimwe na kutengwa, kila uzito na wenzake. Hoja ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna aliyewahi kula juu yake.

Basi mavuno yalipokwisha na theluji kuziba barabara, Idella na Ansgar walishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia joto. Redio ilipiga muziki wa kodiani kutoka mbali. Ansgar alikata shingo za maganda kwa kidude chake na kuzikwangua. Idella alipima. Hivyo ndivyo majira ya baridi yalivyopita katika ile nyumba, moja baada ya jingine, watoto wakazaliwa, wakakua wakisikia mlio wa ganda likidondoka ndani ya kisanduku, wakaondoka kwenda kuolewa na kuoa huko Billings na Spokane, na mizani ikawa bado ipo mezani.

Walikuwa na utani wao ambao haukupanda ngazi kamwe. Kila uzito waliupa jina la jamaa fulani wa kanisani. Maganda mepesi kabisa yalikuwa akina Lund, waliokuwa wembamba kiasi cha kukosa kivuli. Mazito yalikuwa akina Quam. “Leo akina Lund wamezaa,” Idella alisema. “Na akina Quam?” “Hao wanakula kwanza.” Ansgar, mtu ambaye kanisani hakutabasamu hata siku ya Krismasi, alicheka mpaka kidude kikamponyoka. Jumapili iliyofuata mama Quam akipita kati ya viti, wote wawili walitazama vitabu vyao vya nyimbo.

Kisha baridi yabisi ikaingia vidoleni mwa Idella. Kwanza kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile kinachoshika ganda. Baadaye vyote. Vifundo vilivimba kama tangawizi. Alianza kushika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Hakulalamika, na Ansgar hakuuliza. Hilo halikuwa kukosa upendo, bali malezi. Katika watu wale, kumuuliza mtu maumivu yake ilikuwa kama kufungua barua yake. Majira yale ya baridi Idella alipima kama kawaida, polepole zaidi, na ganda lilipomdondoka, Ansgar aliliokota na kulirudisha mkononi mwake.

Jambo lilifumuka kwenye karamu ya kanisa, ile ya samaki waliolowekwa kwenye magadi na chapati za viazi. Verlyn Sorbye, mdogo wake Ansgar na kinyozi wa mji, alikuwa amesimama na sahani iliyojaa, akisema kwa sauti ya kinyozi, sauti iliyozoea kushindana na mashine.

“Kaka, mwaka wa pili huu maganda yangu nayatupa yote ndoo moja, kama viazi. Sipimi, sichagui.”

“Ndiyo maana kulungu wako wanakufa kwa uzee,” Ansgar akajibu.

Meza nzima ikacheka. Verlyn naye akacheka, akameza, akaendelea. “Haya, umenipata. Ila sioni tofauti, na mimi nina macho. Wewe umewahi kujaribu?”

“Nijaribu nini? Mtu hajaribu kuona kama maji yanalowesha.”

“Kwa hiyo hujajaribu.”

“Verlyn, mimi kazi hii nimeifanya tangu wewe unalia ukikatwa nywele.”

“Umeifanya wewe?” Verlyn akageuza macho kwa Idella aliyekuwa amekumbatia kikombe chake cha kahawa. “Mimi naona kama ni shemeji ndiye aliyeifanya. Tazama mikono yake, bwana.”

Kicheko kikafa. Kila mtu alitazama, kisha kila mtu akatazama sahani yake. Idella aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo.

“Shemeji,” alisema, “kula samaki wako kabla hajakimbia.”

Palmer Quam, mwenyekiti wa klabu ya bunduki, mzee mpana na mpole, ndiye aliyeokoa meza. Alisema klabu ina kiangazi kizima mbele yake, na imani zimekuwa nyingi kuliko waumini. Kwa nini wasizijaribu, Jumamosi moja imani moja? Waanze na maganda, kwa bunduki ya Ansgar, maana hakuna iliyo tulivu kuliko hiyo. Ansgar alisema sawa, kwa hasira ya mtu anayekubali ili kumnyamazisha mwenzake.

Kesho yake, jikoni, Idella alimwuliza.

“Utapiga kwa maganda yapi, Baba?”

“Yako. Halafu yale tusiyopima, yaliyo kwenye debe.”

“Ukijua lipi ni lipi?”

“Nitakosaje kujua? Si mimi ninayeshindilia?”

“Basi hapo hujapima kitu. Ni sawa na mkulima kujipimia malai yake.”

“Mama! Unadhani mimi nitadanganya?”

“Hutadanganya,” Idella alisema. “Utavuta vibaya tu.”

Nje, theluji ya mwisho ilikuwa ikidondoka kutoka paani. Idella aliweka mikono yake juu ya meza, kitu ambacho kwa kawaida hakukifanya mbele ya mtu.

“Nisikilize. Kama kazi hii ni ya kweli, nitaifanya mpaka vidole vigome. Sitaki mtu anionee huruma. Lakini kama si ya kweli, nataka kujua wakati bado naweza kushika kikombe.”

“Na kama si ya kweli,” Ansgar alisema taratibu, “tulikuwa tunafanya nini humo chini miaka yote?”

“Hapo sasa umeuliza,” Idella akasema, akainuka kuosha vyombo.

Hilo ndilo lililomsumbua kuliko maumivu. Wanawake wenzake walikuwa na matandiko waliyoshona, vinanda walivyojifunza, bustani zilizopata tuzo kwenye maonyesho ya wilaya. Yeye alikuwa na maganda yaliyotengwa. Kama utengaji ule haukusogeza tundu hata moja karibu na mwenzake, basi jioni zote zile alizitia wapi?

Masharti aliyaweka yeye. Angempa Ansgar vyombo viwili vya maganda, vyote vya kiwanda kimoja na umri mmoja. Kimoja kilichopimwa na kutengwa, kingine kilichochotwa ovyo kutoka kwenye debe. Ansgar angevishindilia vyote kwa baruti ileile na vichwa vilevile, bila kujua kipi ni kipi. Idella peke yake angejua, na angekaa kimya. Risasi za chombo cha kushoto zingepigwa karatasi ya kushoto, za kulia karatasi ya kulia. Na si tatu tatu. Ishirini kwa ishirini, na kila tundu lihesabiwe.

“Ishirini!” wanaume walilalama. “Huo ni uharibifu wa baruti, mama.”

“Ng’ombe mmoja akikamuliwa mara tatu hujamjua bado,” alijibu, na wafugaji kati yao wakakubali.

Uwanja wa klabu ulikuwa ndani ya shimo la kokoto la zamani, nyuma ya makaburi. Walifika asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mwenye kukumbuka asubuhi za Juni za miaka ile anajua zilivyokuwa. Ndege wa nyasi wanaimba juu ya nguzo za uzio, umande uko kwenye buti, kahawa inafuka moshi kwenye vifuniko vya chupa, na wanaume wananong’ona kama wako kwenye ubatizo. Hakuna aliyekuwa na haraka. Watu walikuwa tayari kukaa saa nzima wakingoja mtutu upoe, na kukaa huko hakukuitwa kupoteza muda.

Ansgar alikaa kwenye meza ya saruji, bunduki juu ya vifuko vya mchanga. Verlyn alisimama ubavuni, akimpa risasi moja kutoka chombo cha kushoto, moja kutoka cha kulia. Palmer alitazama kwa darubini. Idella alikaa nyuma yao kwenye kiti cha kukunja, kofia ya jua kichwani, mikono ndani ya mifuko ya koti. Matundu yalianza kutokea pale mbali, kushoto na kulia, na Idella aliyasoma kutoka sauti ya Palmer. Nzuri. Nzuri. Juu kidogo. Nzuri.

Yeye ndiye aliyejua kwamba cha kulia ni chake.

Walipopita nusu ya kazi, karatasi ya kulia ilikuwa imejikusanya vizuri kuliko ya kushoto. Si sana, lakini ilionekana. Idella alisikia moyo wake ukipiga kama wa binti. Alijionya. Haikusaidia. Alijiona tayari ameshuka tena chini majira ya baridi yajayo, vidole vikiuma, akiwa na sababu.

Kisha Ansgar akapiga, na kabla Palmer hajasema, Ansgar mwenyewe aliinua kichwa.

“Hilo nimelivuta vibaya.”

“Ndiyo,” Palmer alisema, jicho kwenye darubini. “Kulia. Limetoka nje kabisa. Mtoro huyo.”

“Tumtoe,” mmoja wa wanaume akasema nyuma.

“Tumtoe, ni haki yake. Amesema mwenyewe kabla hujatangaza.”

“Kweli kabisa, alisema kabla.”

Vichwa vikaitikia, kwa ile desturi yao. Palmer akageuka kumtazama Idella, kwa kuwa masharti yalikuwa yake.

Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyemtaka aseme uongo. Alitakiwa tu kuacha wanaume wema wafanye wema wao, naye kazi ya maisha yake ingesimama. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Hatuangushwi na uongo tunaousema, ila na ukweli tunaouacha upite kama jirani tusiyetaka kumsalimia. Idella alikumbuka wale wazee wa malai, nyuso zao zilizokunjamana, na jinsi kila mmoja alivyoamini kwa moyo mweupe kwamba siku hiyo kichupa kilitikiswa vibaya.

“Lihesabuni,” alisema.

Verlyn akacheka. “Haa! Shemeji, unanikomoa! Basi cha kulia ndicho cha ndoo, sivyo? Jamani, huyu mama hana huruma. Kila mtu ana mtoro wake!”

“Mtoro ni mtoto wa nyumba ileile,” Idella alijibu. “Lihesabuni.”

Ansgar aligeuka kidogo akamtazama mkewe, na Idella aliona usoni mwake furaha iliyofichwa, furaha ya mtu anayedhani mkewe anamtetea. Hilo ndilo lililomchoma. Alitazama nyasi.

Walimaliza jua likiwa limepanda na upepo unaanza kugusa karatasi. Palmer alizileta zote mbili, akazilaza mezani, akazipima kwa kalipa yake ya kupimia upana, ndani na nje, taratibu, akinong’ona. Wanaume wakainama. Kilichoonekana kwanza kilikuwa aibu ya wote. Kila karatasi ilikuwa na kundi pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Hii ndiyo bunduki iliyokuwa bora kuliko zote wilayani, ikiwa imehesabiwa yote iliyofanya, mazuri na mabaya. Hakuna aliyegusa pochi yake.

“Zinafanana,” Palmer alisema mwishoni. “Ukiondoa yule mtoro, ya kulia imekaza kidogo. Ukimtia, kushoto kunashinda. Ila mimi nikizichanganya hizi nyuma ya mgongo wangu, sidhani mtu ataniambia ipi ni ipi. Tukirudia kesho, pengine mtoro atatokea kushoto.”

“Kwa hiyo ndoo yangu imeshindwa kwa tundu moja,” Verlyn alisema, “na bado haijaaibika. Haya, shemeji, tuambie sasa.”

“Cha kulia ndicho changu,” Idella alisema.

Ilichukua muda neno hilo kuwaingia. Verlyn ndiye aliyeelewa kwanza. Alivua kofia. Ilikuwa ni ajabu kumwona Verlyn na upara wake nje, kinyozi yule.

“Shemeji… tulitaka kulitoa lile tundu.”

“Nilisikia.”

“Ungeshinda.”

“Ningeshinda,” Idella alikubali. Akainuka, akakunja kiti chake, na kwa sababu vidole havikuweza kufunga kile kichuma cha pembeni, akamwachia Ansgar akifunge.

Ndani ya gari walipita makaburi, wakapita ghala la ngano, ndipo Ansgar akasema.

“Ungenyamaza, nisingejua kamwe.”

“Ndiyo maana sikunyamaza.”

Akaendesha. “Nimekuharibia mikono.”

“Usijipe ukubwa, Baba. Baridi yabisi ilimla mama yangu, naye hakuwahi kushika ganda la risasi.” Alingoja kidogo, ulimi utulie. “Lakini sipimi tena.”

“Sikuombi upime.”

Kiangazi kile klabu ilijaribu imani nyingine pia. Nyingi zilikwenda njia ileile, na Stensrud ikawa, kwa muda, mji wenye watu wanyenyekevu kidogo. Waliishi hivyo miaka michache. Siku hizi vijana wanaweka picha za matundu matatu mahali pa kuonwa na dunia nzima, na karatasi zenye watoro wao zinatumika kuwashia jiko vilevile. Tuliache hilo.

Idella alikasirika. Watu husimulia habari za ukweli kana kwamba aliyeusema hulala usingizi mtamu usiku uleule. Yeye alikasirika kiangazi chote, akipalilia njegere kwa mikono iliyouma, akihesabu moyoni vinanda na matandiko. Hakumkasirikia Ansgar. Hakumpata mtu wa kumkasirikia, na hasira isiyo na mwenyewe hukaa sana.

Theluji ikarudi. Ansgar alishuka chini peke yake na debe lake. Idella alibaki jikoni, mikono juu ya mfuko wa maji ya moto. Jioni zilikuwa ndefu ajabu. Alisikia redio kupitia sakafu, na mashine ikishindilia, na kimya kirefu kati ya mlio na mlio. Kwa kuwa hakukuwa na kupima, kazi iliisha mapema, na Ansgar alikuwa anarandaranda kule chini bila cha kufanya. Naye alisikia hilo pia.

Jioni moja alipanda ngazi, akasimama mlangoni.

“Kuna joto kule chini,” alisema.

“Hapa pia kuna joto.”

“Chini kunazidi. Karibu na tanuri.”

“Nishuke nikafanye nini, Baba? Sipimi.”

“Najua hupimi.” Alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na kitu. “Ushuke tu. Ukae.”

“Nikae nifanye nini?”

“Usifanye kitu.”

Idella alimtazama kama mtu anayezungumza lugha ya ng’ambo. Katika nchi ile mtu hakumwendea jirani mikono mitupu. Alirudisha bakuli, au aliazima koleo, ndipo akaketi kidogo. Wazazi wao waliishi hivyo mpaka wakazikwa. Na wao wawili, tangu siku ya leso na maganda, hawakuwahi kuambiana njoo tukae bila kuweka kazi katikati yao. Alielewa wakati ule, kwa ghafla iliyomuumiza na kumfariji kwa pamoja, jioni zile alizitia wapi.

Alishuka ngazi polepole, akishika ukuta. Akaketi kwenye kiti chake. Ansgar akaketi kwenye chake. Meza ilikuwa tupu. Hakuna aliyejua pa kuanzia, wakawa wanatazama tanuri kama wageni wanaongoja chakula.

“Verlyn amenikata vibaya,” Ansgar alisema, akigusa kisogo.

“Nimeona tangu asubuhi. Upande mmoja umepanda.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza.”

“Nimeenda posta hivi! Nimeenda benki!”

“Benki walikuona pande zote,” Idella alisema, akaanza kucheka, mikono yake ikiwa mapajani, haijashika kitu, nayo ikipata joto.